Sinema ya Honi Tatu

Iko nchi moja, na anayetaka kujua iko upande gani asijisumbue kuinuka, huenda ameikalia. Jina lake halitatajwa hapa kwa kuwa yenyewe haipendi kuitwaitwa ovyo. Ni nchi ya amani. Amani yake ni nyingi hata ikabidi iundiwe wizara, Wizara ya Utulivu, jengo refu la vioo lenye lifti inayopanda tu. Kushuka hakujawahi kuombwa.

Serikali ya nchi hiyo ina adabu zake. Za wenzetu, tunasikia, huvunja milango usiku wa manane, zikaamsha watoto na kuangusha vyombo. Hii haina ushamba huo. Ikimhitaji mtu, gari jeusi lenye vioo vyeusi huja mchana kweupe, saa nne asubuhi, watu wamekwisha kunywa chai na watoto wako shuleni. Husimama mbele ya nyumba, likapiga honi tatu, basi. Anayehitajiwa hutoka mwenyewe na mfuko wake mkononi, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaketi na kujifungia. Hakuna pingu wala makelele. Na ikiwa nyumba ina watu wengi na hawajui ni nani anayetakiwa, hushauriana upesi hapo ukumbini, maana kumchomesha dereva jua si ungwana.

Kwa hiyo kila nyumba ina mifuko nyuma ya mlango, kila mtu na wake: shuka, sabuni, mswaki, na kwa wenye kuswali, msala. Ya watoto huuzwa madukani ikiwa na picha za sungura. Watoto wakiuliza ni ya nini, huambiwa ni ya mafuriko, ingawa mji wenyewe uko juu ya kilima.

Bi Tatu alikuwa na mifuko miwili nyuma ya mlango, wake na wa bintiye Chausiku. Wa tatu uliondoka na mumewe, Bwana Salehe, fundi saa, asubuhi moja Chausiku akiwa bado ananyonya. Maji ya kuoga yalikuwa jikoni. Bwana Salehe alisema, "Usiyaepue, narudi," akatoka. Bi Tatu alikwenda ofisi ya wilaya kuuliza. Karani akamjibu kwa upole kwamba mume yuko safarini. Mwaka uliofuata, safarini. Mwanamke hakujua akae eda au asikae, kwa kuwa hakupewa maiti wala talaka wala salamu. Miaka ilipozidi, sheikh akamwambia akae, akakaa, akatoka, akajihesabu mjane. Wilayani wao waliendelea kumwandika "mke wa msafiri," na wake wa wasafiri walikatazwa kulia kwa sauti, kwani safari ni jambo la heri.

Tangu hapo woga ulikuwa umehamia kwake kama mpangaji asiyejua kuhama. Saa nne ikikaribia mikono yake huacha kazi yenyewe, hata kama imeshika unga. Saa tano ikipita humshukuru Mola na kurudi kuukanda. Nyumba za mtaa ule zimeshikana ukuta kwa ukuta, na jirani wa kulia ni Mzee Fumbwe, mzee wa peke yake. Bawaba za mlango wake hulia kila anapotoka kwenda msikitini alfajiri. Bi Tatu hajawahi kumwomba azitie mafuta. Zikilia, hujua mzee bado yupo.

Basi mwaka ule Wizara ya Utulivu ikagundua janga: vijana hawaogopi. Maafisa walikuwa wamezunguka mashuleni, wakijificha nyuma ya milango na kuruka mbele ya wanafunzi wakipiga ukelele, kisha wakawapima mapigo ya moyo. Wengi hawakushtuka. Wengine waliwauliza maafisa kama wanaumwa. Ikabainika kwamba vijana wa nchi ile walitishwa na kitu kimoja tu, sinema za mizuka zinazotoka nje, walizokuwa wakizifuata kwenye vibanda vya video. Waziri akahutubia taifa akiwa amevaa nishani zote, pamoja na ile ya mke wake.

"Ndugu wananchi! Ni aibu, narudia, ni aibu, kwa taifa huru kuagiza woga kutoka nje, ilhali woga wa humu nchini ni bora, imara, na umehimili majira yote! Kuanzia leo tutatisha kwa kujitegemea! Kijana wetu akitetemeka, atetemeke kizalendo!"

Makofi yakapigwa mpaka taa ya kijani ya kuruhusu makofi ilipozimwa.

Likatangazwa shindano. Kila shule ya sekondari itengeneze sinema ya kusisimua kwa ajili ya vijana. Mwovu wa sinema asiwe mrefu wala mfupi, mnene wala mwembamba, mwenye cheo wala asiye na cheo. Hatia yake ijulikane tangu mwanzo, ili polisi wasihangaike. Na watazamaji watoke ukumbini wakitetemeka huku wana imani kamili na uongozi.

Chausiku alikuwa kiongozi wa klabu ya sinema shuleni kwake. Msichana wa kidato cha tatu, macho makubwa, mdomo hauna breki. Alirudi nyumbani akiruka.

"Mama, tumeingia! Tunatengeneza sinema."

"Ya nini?"

"Ya kutisha."

"Astaghfirullah. Kwani hapa tulipo hapatoshi?"

"Ni ya vijana, mama. Iko shule ya bweni. Kila asubuhi linakuja gari, linapiga honi, mwanafunzi mmoja anatoka na harudi. Waliobaki wanasogeza madawati ili pengo lisionekane. Hakuna anayeuliza. Halafu siku moja msichana mmoja anauliza."

Mwiko ukamtoka Bi Tatu, ukazama wote kwenye sufuria ya maharage. Hakuutafuta.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia kitu, mama. Ndiyo maana ikabidi nitunge. Darasani kwetu nusu ya watoto baba zao wako safarini. Wanasafiri wote, na hakuna hata mmoja anayeleta zawadi. Nikafikiri, hii inaweza kuwa sinema."

Bi Tatu akafunga dirisha, joto lote lile.

"Mwanangu, tunga ya majini."

"Ya majini imekataliwa. Wizara inasema majini wana chama na wanapiga kura."

"Basi tunga ya fisi."

"Mama! Nani wa rika langu atakwenda kumtazama fisi?"

Bi Tatu aliomba usiku na mchana kamati ya Wizara iikatae hadithi ile. Kamati ilikuwa na wajumbe wengi, wote wasomi. Kila mmoja aliisoma, akavuta leso, akajipangusa shingo. Lakini kuikataa ni kusema unalijua gari, na ni nani katika kikao kile angekubali kulijua gari? Wakaipitisha kwa kauli moja, na mwenyekiti akaongeza kwa mkono wake: "Kisa cha kubuni, hakifanani na chochote, hasa hicho."

Likizo ikafika, vijana wakaanza kupiga picha. Gari walilipata kwa mtu anayekodisha magari ya harusi. Wakalibandua maua na utepe, likabaki jeusi. Dereva alikuwa Zebedayo wa kidato cha nne, kijana mrefu mpole ambaye mjomba wake ni dereva wa lori. Wakamvisha miwani myeusi. Akajitazama kwenye kioo cha pembeni, akaomba avuliwe, wakakataa.

Ukuta mzuri kuliko yote mjini ulikuwa wa nyumba ya Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Shadhili Mapambo. Ulipakwa rangi mpya kila alipotarajiwa mgeni, na mwenyewe alitarajia wageni muda wote. Chausiku akachagua mtaa huo, saa nne asubuhi, kwa sababu ndipo mwanga unapokuwa sawa. Bi Tatu alifuatana nao akiwa na kikapu cha vitumbua. Alisema anawapelekea watoto cha kutafuna. Ukweli ni kwamba nyumbani hapakukalika.

"Zebe, ukisimama tu, piga tatu," Chausiku aliagiza. "Na usicheke."

"Nicheke na nini? Miwani yenyewe inanitisha."

Gari likaja, likasimama. Honi ikalia mara tatu.

Madirisha ya mtaa mzima yakafungwa, taratibu, kwa adabu. Mwigizaji wao, msichana aliyetakiwa kutokea kwenye kona na mfuko wake, alisimama pale pale, kwa sababu lango la Mkuu wa Wilaya lilikuwa limefunguka. Mheshimiwa Mapambo akatoka. Alivaa suruali ya suti na fulana ya ndani, tai shingoni, mkononi mfuko wa ngozi ya mamba. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akajifungia.

Mwishowe Chausiku akasogea dirishani.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani sana. Sisi ni wanafunzi, tunatengeneza sinema."

"Marahaba, mwanangu. Ndivyo inavyosemwaga."

"Haki ya Mungu, Mheshimiwa. Kamera ile pale, ya shule."

"Mimi siku ya honi ya aliyenitangulia nilimwambia ni gari la harusi. Twendeni tu."

"Tunaomba ushuke."

"Nishuke?" Mheshimiwa alicheka kwa uchungu. "Ili iandikwe kwamba nimetoroka? Binti, mimi si mgeni wa kazi hizi. Endesha, kijana, jua linapanda."

Zebedayo alikuwa analia nyuma ya miwani. Langoni alikuwa ametokea mke wa Mheshimiwa. Alilitazama gari, akamtazama mumewe, kisha akachukua kisu cha jikoni na kuanza kukibandua kibao cha jina ukutani.

Bi Tatu aliona yote hayo akiwa na kikapu kichwani. Aliona watoto wa watu barabarani, na Mkuu wa Wilaya mzima amekaa ndani ya gari lao, na madirisha yote yale yenye macho nyuma yake. Akili ikamwambia akimbie. Miguu ikampeleka kwenye gari. Akaingia mbele, akakipakata kikapu.

"Chausiku, panda nyuma na Mheshimiwa. Wengine bebeni kamera, nendeni kwenu, msiongee na mtu. Zebedayo, babangu, futa machozi. Twende kwangu. Polepole, kama gari la kweli."

Hivyo ndivyo wanafunzi wa shule ya sekondari walivyomteka Mkuu wa Wilaya, bila kukusudia, kwa ajili ya sinema ya vijana.

Walimkalisha jikoni, kati ya jiko la mkaa na mtungi wa maji. Bi Tatu alingoja ving'ora, alingoja mbwa, alingoja askari juu ya paa. Hakikuja chochote. Kila ofisi ilidhani ni ofisi nyingine iliyomchukua, na kuuliza ni kukiri kwamba hukushirikishwa, na asiyeshirikishwa leo kesho atakuwa wapi? Redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa yuko safarini. Kabla ya alasiri Mkuu wa Wilaya mpya alikuwa amekwisha kuapishwa, amevaa kofia ile ile, imemwingia mpaka masikioni. Waziri akaipongeza "idara husika" kwa weledi na ukimya wake.

"Mmenimaliza vizuri," Mheshimiwa alisema akiisikiliza redio. "Hata mimi nisingeweza hivyo."

Bi Tatu akawa amekwama. Akimtoa, itajulikana alikuwa wapi na ni nani waliomchukua. Akimweka, siku moja mtu atasikia kikohozi cha kiume katika nyumba ya mjane. Na Mheshimiwa mwenyewe alikataa katakata kuondoka. Alisema anangoja kupelekwa.

Jioni Bi Tatu alimpa uji. Alisimama mbele yake, mikono imeshika ncha za kanga.

"Mheshimiwa, nina swali. Nimekaa nalo miaka. Mume wangu, Salehe, fundi saa. Alipigiwa honi wakati wewe bado ni afisa wa tarafa. Alipelekwa wapi?"

Mheshimiwa akatua kikombe. "Bibi, mimi kazi yangu ilikuwa kuidhinisha honi. Gari ni la idara nyingine."

"Na hiyo idara iliwapeleka wapi?"

"Sijui. Si ndiyo nyinyi?" Akamtazama kwa macho ya mtoto. "Nilikuwa nakaribia kukuuliza. Mimi mtanipeleka wapi?"

Bi Tatu alihisi sakafu inamsogea. Miaka yote aliamini kwamba yuko mtu, mahali, katika chumba chenye zulia, anayejua alipo Salehe.

"Mtu asipotoka je?" aliuliza. "Honi ikalia, mtu akakaa?"

"Akae!" Mheshimiwa alishtuka kama ametukanwa. "Hajawahi kukaa mtu. Mwongozo unaishia honi ya tatu. Sharti jingine ninalolijua ni kwamba gari halirudi tupu."

Sinema ikakamilika, maana Chausiku alikataa kuiacha njiani. Msichana wa kwenye sinema, yule aliyeuliza, honi inapomlilia anabaki kwenye dawati lake. Picha inaishia hapo. Vijana walibishana sana kitu gani kifuate, hakuna aliyejua, wakaandika "Mwisho." Wakaipa jina *Honi Tatu*.

Wizara ikafurahi mno, ikachukua jukumu la kuitangaza. Mabango yakabandikwa hadi kwenye milango ya vyoo vya shule: OGOPA KIZALENDO! Vijana waligawiwa fulana nyeusi. Likatengenezwa gari la matangazo lenye vipaza sauti vinne, lizunguke mji mzima Jumamosi kutwa, likitoa sauti ya sinema yenyewe: honi tatu, kisha mtu wa sauti nzito akisema, "Leo! Ukumbi wa Taifa! Usikose!"

Gari lilianza saa nne asubuhi.

Mtaa wa kwanza lilipopita, milango ikafunguka. Watu wakatoka na mifuko yao. Gari la matangazo halina kiti cha nyuma, basi wakalifuata kwa miguu, kimya, mmoja nyuma ya mwingine, wengine na taulo la kunyolea bado shingoni. Mtaa wa pili, vivyo hivyo. Kufika adhuhuri msafara ulikuwa hauna mwisho. Afisa wa matangazo alipiga simu Wizarani huku sauti inamtetemeka kwa furaha. "Mwitikio haujawahi kutokea, mzee! Wanakuja na mizigo yao!" Waliingizwa ukumbini, wakakaa mifuko mapajani. Wengine walinong'onezana kwamba kumbe ndiko huku, na kwamba pazuri, pana feni.

Chausiku aliwaona wakipita. Alikuwa mlangoni kwao na fulana yake nyeusi.

"Mama, mbona wanatoka na mifuko ya mafuriko? Mbona yule mwalimu wetu analia?"

Bi Tatu akamvuta ndani, akamkalisha kwenye mkeka, akaketi mbele yake goti kwa goti. Akamwambia. Alimwambia habari za honi, na mfuko, na maji ya kuoga yaliyoachwa jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa sauti, na aliyasema huku anatazama dirisha.

Chausiku akautazama mfuko wake wenye sungura nyuma ya mlango.

"Kwa hiyo sikutunga," alisema.

"Hukutunga."

"Na leo Waziri anakuja kuitazama."

"Usiende, mwanangu."

"Nisipokwenda wataniuliza kwa nini."

Wakaenda wote wawili. Mheshimiwa walimwachia chai kwenye chupa.

Ukumbi ulijaa hadi milangoni. Vijana walikaa upande wa kushoto na fulana zao na karanga zao, wakisukumana na kupigana vikumbo. Watu wazima upande wa kulia. Mbele kabisa, kwenye viti vya kuegemea, Waziri na makatibu na makamanda, na nyuma ya kila mmoja msaidizi aliyeshika begi. Bi Tatu aliona mabegi yale, ya ngozi, ya mahameli, moja lina kufuli la dhahabu, na likamjia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kumbe na hao wanayo.

Taa zikazimwa. Shule ikaonekana, madawati yakaonekana, vijana wakaanza kuzomea na kupiga miluzi. Kisha gari. Kisha honi ikalia, katika vile vipaza sauti vya Taifa, mara tatu.

Upande wa kulia wote ukasimama. Na viti vya mbele vikasimama. Waziri alinyakua begi lake mikononi mwa msaidizi, na msaidizi akanyakua lake, na makamanda, na makatibu, wakajipanga kwenye ujia kuelekea mlangoni, hakuna anayesukumana, hakuna anayemtazama mwenzake. Mkuu wa Wilaya mpya alikuwa ameshika mlango ili wakubwa wapite. Nje hapakuwa na gari lolote. Wakasimama juani kwa mstari, wakangoja.

Upande wa kushoto vijana walikuwa bado wamekaa, karanga mkononi. Walitazama viti vitupu. Waliwatazama baba zao na mama zao na walimu wao kupitia mlango ulioachwa wazi. Miluzi ilikoma. Hakuna mzuka wowote wa nje uliowahi kuwanyamazisha hivyo. Halafu gizani msichana mmoja akacheka, kicheko kidogo tu, kama kijiko kimeanguka. Akafuata mwingine. Kikaenea.

Waziri alikisikia. Akageuka, akaliona begi lake mkononi, akaona anavyotazamwa. Alirudi ndani polepole akijipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Sinema nzuri sana," alisema. "Ya kiwango. Mtunzi ni nani?"

Bi Tatu alinyoosha mkono kulikamata gauni la bintiye, akashika hewa.

"Mimi," Chausiku alisema.

"Hongera sana, binti. Na unakaa mtaa gani?"

Watu wazima, waliokuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, wakapiga makofi.

Usiku huo Bi Tatu hakulala, aliswali tu. Asubuhi alichemsha chai ya watatu. Chausiku alikaa kwenye mkeka. Mheshimiwa alikaa kwenye kigoda chake kati ya jiko na mtungi. Hakuna aliyetaja saa, lakini mkono wa Bi Tatu uliposita juu ya sukari wote walijua.

Gari lilikuja kwa mwendo wa taratibu. Likasimama.

Honi moja. Ya pili. Ya tatu.

Mheshimiwa alikuwa tayari amesimama, mfuko wa mamba mkononi. Chausiku naye aliinuka nusu, na macho yake yalikwenda nyuma ya mlango, kwenye mfuko wenye sungura.

"Kaeni," alisema Bi Tatu. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Mheshimiwa, kaa. Chai inapoa."

"Bibi, hiyo ni ya tatu!"

"Nimesikia. Kaa."

Akamshika bintiye mkono akamrudisha mkekani, akamkalia nguo kwa uzito wake wote. Mheshimiwa akaketi, mfuko mapajani. Nje injini ilikuwa inanguruma. Ikanguruma. Kisha ikatokea sauti ambayo tangu nchi ile iwe na bendera haijapata kusikika.

Ilikuwa honi ya nne, fupi, yenye wasiwasi, kama ya mtu anayeuliza kama kuna watu.

Mlango wa gari ukafunguka. Mlango wa mbele, wa dereva. Hatua zikaja juu ya changarawe, moja moja, zikasimama kizingitini.

"Hodi," ikasema sauti nje. Ilikuwa ya kijana.

Ulimi wa Bi Tatu, uliokaribisha watu maisha yake yote, ulinyanyuka wenyewe. Akaziba mdomo kwa kanga. Chausiku akamziba Mheshimiwa.

"Hodi wenyewe."

Inzi alikuwa anazunguka bakuli la sukari. Bi Tatu alimtazama inzi.

"Hodi hapa jamani."

Naye akangoja, pengine muda wa mtu kuvuta pumzi mara mbili. Mlango haukuwa na komeo, ulikuwa umeegeshwa tu. Lakini kijana yule naye alilelewa na mtu, akakalishwa mkekani na mwalimu wa madrasa, akafundishwa kwamba ukibisha hodi mara tatu na usijibiwe, hugusi mlango wala huchungulii, unarudi ulikotoka. Hatua zikageuka. Changarawe ikalia kurudi.

Chausiku akaanza kulia bila sauti. Mheshimiwa alikuwa anatikisa kichwa kama saa iliyokatika kamba.

"Halirudi tupu," alinong'ona. "Bibi, nilikwambia. Halirudi tupu."

Gari liliondoka, likaenda kidogo tu. Likasimama kwa Mzee Fumbwe.

Honi moja.

Bi Tatu aliinuka. Aliuchukua mchi wa kinu uliokuwa kwenye kona, akauinua kwa mikono miwili, akaupiga ukutani kwa nguvu zote hata chokaa ikamwagikia mkekani. Mtu aliyekatazwa kulia kwa sauti miaka yote hiyo alipiga ukelele uliosikika mtaa mzima.

"Mzee Fumbwe! Usitoke! Kaa chini, mzee wangu! Kaa, usitoke!"

Honi ya pili. Ya tatu.

Akauegemeza mchi, akabandika sikio ukutani, akasikiliza bawaba. Alizijua bawaba zile kama anavyoijua Ayatul Kursii. Upande wa pili kulikuwa na mtu anapumua, karibu kabisa na mlango. Kulikuwa na msuguo wa mfuko unaochukuliwa. Halafu hapakuwa na kitu.

Bawaba hazikulia.

Nje ikalia honi ya nne. Na kabla haijanyamaza, huko mbele, nyumba ya tatu au ya nne, mtu mwingine akaanza kugonga ukuta.